Randy Weston Baada ya Uhuru

Novemba 1960, studio moja jijini New York. Wanamuziki zaidi ya ishirini wamekusanyika kurekodi albamu ya mpiga piano mrefu kupita kiasi anayeitwa Randy Weston. Tarumbeta, saksafoni, gitaa, besi mbili, na ngoma za kila aina: kuna Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, kuna Candido kutoka Cuba, kuna Max Roach. Albamu inafunguliwa na sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili maneno ya uhuru yaliyotungwa na mshairi Langston Hughes. Wakati huo Tanganyika yenyewe bado haijapata uhuru. Imebakiza mwaka mmoja na wiki chache. Kenya imebakiza miaka mitatu, na Kenyatta bado yuko kizuizini.

Albamu iliitwa Uhuru Afrika. Ina sehemu nne, na ukisoma majina yake utadhani ni mkutano wa hadhara pale Kaloleni: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu", "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku, na hiyo ni sifa ya kutosha.

Wachache wanaomjua Weston huku kwetu humjua kwa albamu hiyo, kisha wanaishia hapo. Huko Marekani nako mambo si tofauti sana. Wakitaja wapiga piano wa jazi watakutajia Thelonious Monk, Bill Evans, McCoy Tyner, Herbie Hancock, kisha mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri ataongeza Weston, kwa sababu ya 1960. Lakini Weston alizaliwa 1926 na akafariki Septemba 2018, akiwa na miaka 92. Baada ya Uhuru Afrika aliishi karibu miaka 58 zaidi na hakuacha kupiga. Dai langu ni hili: kazi kubwa zaidi ya mzee huyu iko mwishoni, katika rekodi alizoanza kuzifanya mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 63, umri ambao sisi tungekuwa tumeshamwandalia sherehe ya kustaafu. Na tena naamini kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe ya kuzisikiliza.

Hebu tuanze na hiyo sababu. Kwa nini Kiswahili? Weston hakutoka Pwani wala hakuwa na jamaa hapa. Alizaliwa Brooklyn. Babake alitoka Panama, wa asili ya Jamaica, mfuasi wa Marcus Garvey aliyemlea mwanawe akijua kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Alipotaka lugha ya Kiafrika kwa ajili ya albamu yake, Weston aliwauliza wanadiplomasia wa Afrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, nao wakampendekezea Kiswahili kwa kuwa si lugha ya kabila moja. Mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Chuoni, kabla sijaacha masomo, tulifundishwa mwaka huo kama orodha ya bendera na tarehe. Hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na santuri yake, na kwamba santuri hiyo inaongea kama sisi.

Lakini ukiisikiliza kama Mswahili, kuna kitu kinakukwaruza sikio. "Uhuru Afrika". Uhuru wa Afrika, si ndiyo? Au Afrika huru? Kale kaneno kadogo ka kuunganisha hakapo. Kisha "Kucheza Blues": sisi chombo tunakipiga, hatukichezi, tunachocheza ni muziki wenyewe, kwa miguu na kiuno. Kwa hiyo jina hilo kwetu linamaanisha kusakata bluzi. Kwa bahati nzuri hilo halimwendi kombo, maana Weston aliikusudia sehemu hiyo iwe sherehe kubwa ya siku ambayo Waafrika wote, wa bara na wa ng'ambo, watakuwa huru.

Sisemi haya kumcheka mtu. Ninachosema ni kwamba mwaka 1960 Kiswahili kilikuwa kwake bendera. Bendera huhitaji kuonekana tu, haihitaji sarufi. Na hakuwa peke yake katika hilo. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa. Mapema miaka ya 70 Herbie Hancock aliongoza bendi ambayo kila mmoja alijipa jina la Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, na Eddie Henderson, mpiga tarumbeta ambaye kweli alikuwa daktari, akawa Mganga. Ni majina matamu, lakini muziki uliokuwa chini yake haukuwa umeketi na watu wa Lamu wala wa Kisumu. Lugha yetu ilisafiri. Ngoma zetu zilibaki nyumbani.

Weston alikuwa tofauti kwa jambo moja: aliifuata bendera yake. Alikwenda Lagos mwaka 1961, akarudi tena 1963. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ilimpeleka na bendi yake katika ziara ndefu ya Afrika Magharibi na Kaskazini. Kituo cha mwisho kilikuwa Moroko, na akahamia huko. Alikaa Rabat, kisha Tangier, ambako alifungua klabu yake, African Rhythms.

Tangier ndiko alikokutana na Wagnawa. Hawa ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Moroko. Wana ngoma yao ya usiku kucha, iitwayo lila, ya kutibu watu kwa kuwaita pepo mmoja baada ya mwingine, kila pepo na wimbo wake, ubani wake na rangi yake. Mtu wa Pwani aliyekulia karibu na ngoma za pepo hahitaji kuelezwa sana. Chombo chao kikuu ni gimbri, cha nyuzi tatu, chenye sauti nene ya kupiga kifuani, na kando yake kuna vipande vya chuma vinavyogongwa mkononi bila kupumzika. Rafiki na mwalimu wake alikuwa Abdellah El Gourd, fundi wa Kignawa wa Tangier. Urafiki huo ulidumu miaka yote iliyobaki.

Sasa tuje kwenye wimbo mmoja, maana wimbo huu unaonyesha safari yote. Unaitwa "Blue Moses". Msingi wake ni wimbo wa Kignawa wa Sidi Musa, ambaye rangi yake ni buluu. Mwaka 1972 Weston aliurekodi New Jersey kwa kampuni ya CTI, na ukawa jina la albamu yake iliyouzwa kuliko zote. Bendi ilijaa majina makubwa: Freddie Hubbard, Grover Washington Jr., Ron Carter, Billy Cobham. Lakini Weston aliwekwa kwenye piano ya umeme, ambayo hakuipenda, na baada ya yeye kuondoka studio mpangaji Don Sebesky aliongeza ala nyingine juu ya kile kilichokuwa kimepigwa. Ukiisikiliza leo ni tamu, sikatai. Ni muziki wa kuendeshea gari usiku. Ila pepo hayumo. Akiitwa hapo hawezi kuja, atadhani ni tangazo la mafuta.

Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, Weston alirekodi hapa na pale, mara nyingi kwa kampuni ndogo za Ulaya ambazo rekodi zake hazikufika mbali. Hapo ndipo wanahistoria wengi humwachia. Kisha Juni 1989 aliingia studio jijini Paris na kutoka na albamu tatu kwa mpigo: moja ya nyimbo za Duke Ellington, moja ya nyimbo za Monk, na moja ya nyimbo zake mwenyewe. Ni kama mtu aliyerudi nyumbani akawataja kwanza baba zake wawili, ndipo akasema yeye ni nani.

Miaka miwili baadaye, Mei 1991, ikaja The Spirits of Our Ancestors. Hapa siwezi kuendelea bila kumtaja Melba Liston, mwanamke ambaye bila yeye hakuna Weston tunayemzungumzia. Alipiga tromboni katika bendi za wanaume watupu, pamoja na ya Dizzy Gillespie, na tangu mwishoni mwa miaka ya 50 ndiye aliyempangia Weston muziki wa bendi kubwa. Uhuru Afrika ni kazi ya mikono yake. Mwaka 1985 alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja, na tromboni ikaishia hapo. Alijifunza kuandika muziki kwa kompyuta. Mipango ya albamu ya 1991 aliifanya akiwa katika hali hiyo.

Sikiliza tofauti. Mwaka 1960 Liston aliandika kwa ajili ya umati: pembe zinapiga kelele za furaha, kila mtu anataka kusema, na ni haki yao. Mwaka 1991 anaandika kidogo. Pembe zinaingia, zinasema neno moja, zinaondoka. Kuna nafasi tele ndani ya muziki, na katika nafasi hiyo wanaingia watu kama Pharoah Sanders, Dewey Redman na Billy Harper kwa saksafoni, Idris Muhammad kwenye dramu, na Dizzy Gillespie mwenyewe, tayari mzee, katika "African Sunrise". Kwenye ngoma yumo pia Azzedin Weston, mwanawe Randy. Huyu ndiye yule mtoto Niles aliyetungiwa "Little Niles" miaka ya 50, sasa ni mtu mzima anayempigia babake.

Na "Blue Moses" imo humo. Safari hii hakuna piano ya umeme. Gimbri ipo, vyuma vya Wagnawa vipo, na piano ya Weston iko chini kabisa, upande wa kushoto, inagonga mdundo kama inayoomba ruhusa ya kupita. Wimbo ni uleule, mtunzi ni yuleyule, na miaka 19 katikati. Ukitaka kuelewa hoja yangu yote bila kusoma neno zaidi, sikiliza hizo mbili mfululizo.

Lakini rekodi inayonishangaza zaidi ni ya mwaka 1992, iliyofanyiwa Marrakech. Weston aliwakusanya mafundi wakuu wa Kignawa kutoka miji mbalimbali ya Moroko, wazee ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kupiga pamoja, na kuwarekodi. Albamu ilitoka 1994 kwa jina The Splendid Master Gnawa Musicians of Morocco. Jina la Weston liko juu. Unanunua ukitarajia piano. Unasikia wimbo wa kwanza: gimbri na sauti za wanaume. Wa pili: gimbri. Unaanza kuangalia kama umebofya albamu isiyo yake. Piano inasikika katika wimbo mmoja tu, "Chalabati".

Fikiria hilo. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 66, mwenye mkataba na kampuni kubwa, fursa ambayo hakuwa ameiona kwa miaka mingi, anaitumia kunyamaza. Mwaka 1960 aliwaita watu zaidi ya ishirini waseme kwa niaba ya Afrika. Mwaka 1992 aliwapa wenyewe nafasi ya kusema, akakaa pembeni, na alipoingia aliingia kama mgeni anayejua desturi za nyumba. Kwangu mimi huo ndio uhuru uliokomaa. Kutangaza ni rahisi, hata wanasiasa wetu wanaweza. Kazi ni kukaa miaka 25 ukijifunza wimbo wa mtu mwingine hadi ujue ni wapi usipige.

Kuna shutuma moja dhidi ya Weston wa uzeeni, na inafaa kujibiwa. Wanasema alirudia nyimbo zilezile. Ni kweli. "Hi-Fly", "Little Niles", "Berkshire Blues", "African Cookbook", "Blue Moses": zinatokea na kutokea tena, rekodi baada ya rekodi, kwa miaka hamsini. Mwanamuziki wa kisasa anadaiwa kitu kipya kila msimu. Kwa kipimo hicho mzee amefeli.

Ila hicho ni kipimo cha duka. Mtu aliyekaa barazani akimsikiliza bibi akisimulia kisa cha sungura na fisi hamwambii, "Bibi, hiki ulikisimulia juzi." Anasikiliza leo bibi atakaa wapi zaidi, atamkaba fisi kwa sauti gani, ataacha nini. Weston alijua anachofanya. Albamu aliyorekodi jukwaani New York Desemba 2009, akiwa na miaka 83, aliiita The Storyteller, yaani msimulizi. Humo Alex Blake anaipiga besi kwa kuikwaruza kama gitaa huku akiimba nayo, na Benny Powell anapiga tromboni yake, miezi michache kabla ya kufariki. Nyimbo za zamani zimevuliwa nguo zote. Imebaki mifupa na mwendo.

Zile za piano peke yake ndizo ngumu zaidi kwa mtu aliyezoea muziki wa sasa, na ndizo ninazozirudia usiku. Iko ile aliyorekodi Marrakech mwaka uleule wa 1992. Iko Ancient Future ya 2001. Na iko Sound, aliyoirekodi hotelini Montreux, Uswisi, mwaka 2001, ikakaa miaka 17 kabla ya kutolewa 2018, mwaka aliofariki. Weston alikuwa na urefu wa karibu mita mbili na mikono ya kulingana nao. Mkono wa kushoto unashuka kwenye sauti nene na kukaa huko kama ngoma kubwa ya mwisho wa safu. Wa kulia unasema maneno machache. Kisha kimya. Anaiacha sauti ife yenyewe hewani kabla ya kugusa kibonye kingine. Ukisikiliza kwa simu ndani ya matatu hutasikia kitu, nakwambia bure. Utadhani mtandao umekatika. Subiri ufike nyumbani, taa ya jirani izimwe, mbwa wa ploti wanyamaze. Hapo ndipo utagundua kwamba kile kimya nacho kimehesabiwa.

Sitaki kumfanya malaika. Weston aliamini kwamba muziki wote duniani unatoka Afrika, na Afrika yake mara nyingine ilikuwa ya Mafarao kuliko ya watu. Albamu ya 1998 aliiita Khepera, jina la mungu wa Misri ya kale, na humo akamleta Min Xiao-Fen, mpigaji wa pipa kutoka China, kuonyesha kwamba hata huko damu ni moja. Ni madai makubwa, na muziki hauwezi kuyathibitisha. Halafu kuna sisi. Moroko aliijua. Nigeria, Ghana na Senegal alizijua. Wimbo aliopenda sana kuutumia kama saini yake, "Love, the Mystery Of", ni wa Guy Warren wa Ghana. Afrika Mashariki, iliyompa lugha ya albamu yake kubwa, haikupata kuketi naye kama Tangier ilivyoketi. Hatukuwa na Abdellah El Gourd wetu kwake. Mimi hilo linaniuma kidogo, na nadhani linafaa kuuma, kwa sababu linauliza pia sisi tulikuwa wapi. Tulimpa neno, yeye akalipeleka kote duniani, na sisi hatukumtafuta.

Hata hivyo, kuna kitu alikifanya karibu na mwisho. Tarehe 8 Aprili 2012, akiwa amefikisha miaka 86 siku mbili tu kabla, Weston alipanda jukwaani katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha New York na kupiga kazi ndefu aliyoiita The African Nubian Suite. Ilitoka kwenye santuri 2017, kwa lebo yake mwenyewe, maana hakuna kampuni kubwa iliyokuwa ikingoja mlangoni. Ni simulizi ya binadamu kuanzia mwanzo: kuna masimulizi ya mdomo, kuna kora, kuna balafoni, kuna gimbri, kuna pipa, kuna mshairi Jayne Cortez, aliyefariki mwaka huohuo. Moja ya sehemu zake inaitwa "Ardi", jina la yule mama wa kale ambaye mifupa yake, ya miaka milioni 4.4, ilichimbuliwa Ethiopia. Basi mzee alifika huku mwishowe, kwa njia ndefu, kupitia mifupa.

Na kwenye ngoma jukwaani usiku ule alikuwepo Candido. Ndiyo, Candido yuleyule wa Novemba 1960, sasa akiwa na miaka 90, viganja vyake vikiwa bado na kazi. Kati ya hao wawili ilikuwa imepita miaka 51 tangu Sanga aseme neno uhuru kwenye maikrofoni. Nchi zote zilizokuwa zikingoja zilikuwa zimeshapata bendera, na nyingine zilikuwa zimeshazichoka.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Anza na "Blue Moses" ya 1972, kisha ya 1991. Halafu "Chalabati". Halafu Sound, usiku. Uhuru Afrika iache iwe ya mwisho, na usiisikilize peke yako. Mtafute mtu aliyekuwa mkubwa wa kutosha mwaka 1960, babu au nyanya, mkae naye, umwekee dakika zile za mwanzo anapozungumza Sanga. Usimweleze chochote kwanza. Mwache asikie lugha yake ikitoka New York, kisha mwulize yeye alikuwa wapi siku hizo na uhuru wenyewe aliutarajia uje na nini.